Solver imesema tupike jibini kilo 200 kwa siku, bosi kanicheka mbele ya watu. Naomba ushauri

Mpanga Zamu:

Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga mjini, kiwanda kidogo cha maziwa. Jina naliacha kwa sababu bado nakula ugali wao. Mimi ni msimamizi wa uzalishaji, huu mwaka wa tatu.

Kisa chenyewe ni hiki. Bosi anataka kukopa anunue gari la tatu la kukusanyia maziwa vijijini. Mimi nikajiuliza, kwani tatizo letu ni gari? Nikakumbuka linia programingi, hesabu ya kutafuta faida kubwa kuliko zote ndani ya masharti uliyonayo, ile mada ya kidato cha nne ya kuchora mistari na kupaka kivuli eneo, ambayo chuoni niliirudia kwa kirefu. Nikafungua Excel, nikaiwasha Solver, kile kifaa chake cha kutatua hesabu hizo, nikakesha nayo siku tatu.

Hali yetu iko hivi. Msimu huu wa majani tunapokea lita 6,000 kwa siku. Tunatengeneza vitu vitatu: fresh ya pakiti, mtindi wa pakiti, na jibini kidogo kwa ajili ya mahoteli. Faida kwa kila lita ya maziwa inayoingia, baada ya kutoa bei ya mkulima, vifungashio na umeme, ni Sh 250 kwa fresh, Sh 400 kwa mtindi na Sh 550 kwa jibini (kilo moja ya jibini inakula kama lita 10, kwa hiyo ni Sh 5,500 kwa kilo). Mashine ya kufungashia ni moja tu. Fresh inapita lita 500 kwa saa, mtindi kwa sababu ya uzito wake unapita lita 400. Zamu ni saa 10. Matangi ya kugandishia mtindi yanabeba lita 3,500. Tangi la jibini ni la lita 1,000 na tunaweza kulipika mara mbili kwa siku.

Kwa sasa tunafanya fresh 3,000, mtindi 1,200, jibini 300. Faida ya siku inakuja kama Sh 1,425,000.

Solver ikaniambia: jibini lita 2,000, mtindi 3,500, fresh 500. Faida Sh 2,625,000. Yaani ongezeko la milioni moja na laki mbili kwa siku bila kununua hata boliti! Nikaprinti, nikaingia nayo kikao cha Ijumaa kifua mbele.

Bosi akaisoma kimya, akaiweka mezani, akasema: "Jibini kilo mia mbili kila siku. Tumuuzie nani, panya wa Chumbageni?" Mhasibu alicheka mpaka akatoa kitambaa. Tangu siku ile wananiita Bwana Jibini, hata mlinzi wa getini.

Naomba ushauri. Niachane na haya mambo, au kuna mahali nimekosea? Na kama kuna pa kurekebisha, nirudi vipi kwa bosi?

---

Kijana wa Mikanjuni:

Bwana Jibini 😂😂 pole mkuu. Ukikosa wateja niletee kilo mbili, nitakula na mkate wa mofa.

---

Ngoma Nzito:

Nitasema ukweli ingawa utakuuma. Nimefanya kazi viwandani miaka ishirini na mbili, nikaanzia kwenye mkonge, nikaingia chokaa. Kiwanda hakiendeshwi kwa kompyuta. Kila baada ya miaka michache anakuja kijana na makaratasi, anatupangia kazi, mvua moja ya masika inayafuta makaratasi yote. Bosi wako kakucheka kwa upole, wa kwetu angekuhamishia stoo. Fanya kazi uliyoajiriwa.

---

Mwalimu wa Jioni:

Mpanga Zamu, usikate tamaa, na Mzee Ngoma Nzito shikamoo. Mimi nafundisha hesabu, na kabla sijawa mwalimu nilikaa kwenye ofisi ya mipango ya kiwanda, kwa hiyo nimechekwa kabla yako.

Kichekesho kama chako kilimpata mwenye hesabu mwenyewe. Mwaka 1945 mchumi wa Marekani, George Stigler, alitafuta mlo wa bei ndogo kuliko yote utakaomtosheleza mtu mzima. Alikuwa na vyakula 77 na virutubisho tisa. Njia ya kupata jibu kamili haikuwapo, akakisia kwa akili, akapata dola 39.93 kwa mwaka kwa bei za 1939. Mwaka 1947 mwanahisabati George Dantzig akaja na simplex, njia ya kukokotoa jibu bora kabisa, ndiyo hiyo iliyomo kwenye Solver yako ukichagua Simplex LP. Wakaijaribu kwenye mlo wa Stigler: makarani tisa na mashine za kukokotolea za mezani, jumla ya siku-kazi 120, wakapata dola 39.69. Kukisia kwa Stigler kulikosea senti 24 tu! Mzee Ngoma Nzito hapo atafurahi.

Sasa utamu. Miaka ya 1950 mwanzoni Dantzig akataka kupunguza mwili kwa kutumia hesabu yake. Akaiambia kompyuta imchagulie chakula kinachoshibisha, na kushibisha akakuandika kama uzito wa chakula ukiondoa maji yaliyomo. Kompyuta ikamjibu anywe siki galoni 500. Kwenye orodha siki ilikuwa imeandikwa kana kwamba haina maji kabisa. Akaifuta siki. Siku ya pili ikamwambia ale vidonge vya supu 200 kwa siku. Akakoroga vichache kwenye kikombe cha maji moto asubuhi, akatema. Hakuna aliyewahi kufikiri kuandika ukomo wa chumvi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake anayekula chumvi kiasi hicho.

Jibini lako ndiyo siki yake. Umeiambia Solver tangi linabeba kiasi gani, hukuiambia mahoteli yananunua kiasi gani. Yenyewe haijui kama Tanga kuna watu.

Halafu nina maswali mawili, na nakuomba uyajibu kabla hujagusa kompyuta. Fresh 3,000, mtindi 1,200, jibini 300, jumla 4,500. Mnapokea 6,000. Lita 1,500 zinakwenda wapi? La pili: fresh 3,000 ni saa sita za mashine, mtindi 1,200 ni saa tatu. Jumla tisa. Umesema zamu ni saa kumi. Hiyo saa ya kumi ni ya nani?

---

Mpanga Zamu:

Mwalimu, umenishika pabaya. Nimekaa na karatasi yangu kuanzia magharibi.

Lita 1,500 zinauzwa mbichi kwa jumla kwa wachuuzi, wale wa baiskeli na madumu. Tunabakiwa na Sh 20 kwa lita, wakati mwingine hata hizo hazipo. Kwenye Solver sikuziandika kwa sababu hakuna anayezihesabu kama biashara, kazini tunaziita "mabaki", ingawa Sh 30,000 zake zimo ndani ya ile 1,425,000.

Saa ya kumi ni ya kuosha. Mashine inaoshwa asubuhi kabla ya kuanza na inaoshwa tena tukitoka kwenye fresh kuingia kwenye mtindi. Nilimuuliza opareta leo akaniangalia kama mtu aliyeuliza jua linachomozea wapi.

Mahoteli na maduka makubwa, nikijumlisha na yale ya Pangani, jibini kilo 40 kwa siku ndiyo mwisho. Sasa tunauza 30. Mtindi, mtu wa mauzo anasema soko linaweza kumeza mpaka lita 3,000. Fresh nikaweka isishuke chini ya 1,500 ili jina letu lisipotee madukani.

Nimeipiga upya kwa saa 9: fresh 1,500, mtindi 2,400, jibini 400, mabaki 1,700. Faida Sh 1,589,000. Ongezeko ni Sh 164,000 kwa siku. Limenywea sana kutoka ile milioni na laki mbili, lakini hili angalau halina panya.

---

Bi Mkubwa Ngamiani:

Mwanangu mimi si msomi wa hizo simpleksi, nina duka barabara ya kumi na mbili mwaka wa kumi na tisa huu. Nimesoma hapo kwamba fresh unaishusha iwe nusu. Nakwambia kitakachotokea. Mteja wangu anakuja asubuhi kabla ya saa moja na nusu anataka fresh ya chai ya watoto. Akiikosa anavuka barabara. Akishavuka, mkate ananunua kule kule, na mtindi wa jioni ananunua kule kule. Mimi nikiona hivyo nampigia mwenye maziwa mengine, naye hawezi kuniletea fresh yake nikamwekea mtindi wako kwenye friji lake.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba fresh na mtindi ni vitu viwili. Kwangu ni mtu mmoja. Ukinipunguzia theluthi nitavumilia, maana kweli zipo siku fresh inanilalia. Nusu sivumilii.

---

Mwalimu wa Jioni:

Mama, shikamoo. Hiki ulichoandika hakimo kwenye kitabu chochote nilichofundishia.

Mpanga Zamu, theluthi ya 3,000 ni elfu moja. Andika fresh isipungue 2,000.

---

Bandarini Msa:

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni injinia wa viwanda, hizi ndizo kazi zangu. Nyinyi mnabishana fresh ngapi mtindi ngapi, ilhali swali la bosi lilikuwa gari! Hebu turudi pale.

Kwenye Solver, ukishapata jibu, kabla hujabonyeza OK kuna ripoti inaitwa Sensitivity. Chagua hiyo. (Tahadhari: ukiweka sharti kwamba kitu kiwe namba kamili, ripoti hiyo haitoki. Kwa lita huhitaji namba kamili, acha tu.) Ndani yake kuna safu ya bei kivuli. Bei kivuli ni jibu la swali hili: ningeongezewa kimoja zaidi cha hiki nilichopungukiwa, faida ingepanda kwa shilingi ngapi?

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1938 maabara ya shirika la mbao za plaiwudi ilimwendea mwanahisabati Leonid Kantorovich kule Leningrad imuulize magogo ya aina gani yapelekwe mashine ipi. Katika kutatua, kila kizuizi alikipa namba yake, na namba hizo ndizo tunazoziita bei kivuli leo. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Dantzig aliachwa, na wengine mpaka leo tunanuna.

Yako waweza kuipata hata kwa kalamu. Saa moja zaidi ya mashine inakupa mtindi lita 400. Kila lita ungepata 400, lakini ile lita ilikuwa inaenda kwa mchuuzi kwa 20, kwa hiyo ongezeko ni 380. Mara 400: Sh 152,000 kwa saa.

Sasa lita moja zaidi ya maziwa. Mashine imejaa, jibini limefika ukomo wa soko. Lita hiyo inaenda wapi? Kwa mchuuzi. Sh 20.

Gari la tatu likikuletea lita 1,000 kila siku, kiwanda kinapata Sh 20,000. Toa dizeli, toa dereva, toa tanboi, toa rejesho la mkopo. Bosi wako anataka kununua gari ili alete maziwa ya kuwapa watu wa baiskeli.

Ningekuwa wewe nisingemwonyesha meza ya Excel hata kidogo. Ningeandika namba mbili kwenye karatasi: 152,000 na 20. Basi.

---

Kijana wa Mikanjuni:

Nimesoma mara mbili. Kumbe hesabu ya form four ilikuwa na maana, mimi nilikuwa napaka kivuli upande mbaya tu.

---

Dreva Mstaafu:

Mnasema gari, gari, na hakuna aliyemuuliza dreva. Nimebeba maziwa njia ya Pongwe mpaka Muheza kwa miaka. Najua kwa nini bosi anataka gari la tatu, si kwa sababu ya lita. Ni kwa sababu maziwa yanafika yamechelewa, mengine yamechachuka, yanakataliwa mlangoni, wakulima wanapiga kelele. Au naongopa?

---

Mpanga Zamu:

Mzee wangu, huongopi. Gari la njia ya Muheza linaingia kama saa tano na nusu, wakati mwingine saa sita. Kila wiki kuna keni zinarudishwa kwa kipimo cha alkoholi, kile kinachoonyesha maziwa yameanza kuchachuka. Nami nilijaribu Solver kwenye njia pia. Tuna vituo 10, nikaweka kilomita, ikanipa mzunguko mfupi kuliko tunaotumia, unapunguza kilomita 9. Dreva wetu akaukataa bila kuusoma.

---

Dreva Mstaafu:

Ameukataa kwa sababu umempa kilomita, yeye anaogopa joto.

Sikiliza. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yana joto la mwili. Yasipopoozwa mapema yanaanza kuharibika, na jua la huku unalijua. Sasa nyinyi, nina hakika, mnaanza kupakia kituo cha karibu, Pongwe, mnakwenda mnapakia mpaka cha mwisho, halafu mnarudi. Maziwa ya Pongwe yamekwenda matembezi Muheza na kurudi! Mimi nilikuwa naondoka tupu saa kumi na moja alfajiri, naanza cha mwisho kabisa, napakia nikirudi. Kilomita ni zile zile, hakuna hata moja iliyopungua. Lakini keni ya Pongwe inakaa garini nusu saa badala ya saa nne.

Ila kuna sharti. Kituo cha mwisho lazima kifunguliwe mapema, na yule karani wa kupima awepo. Ukifika ukakuta kufuli, umepoteza asubuhi. Mimi nilimpelekea karani sukari kilo moja kila mwisho wa mwezi, sijui Solver inaandikaje hiyo.

---

Bandarini Msa:

Mzee Dreva, heshima yako. Alichosema kwa lugha yetu: lengo liwe saa ambazo kila lita inakaa barabarani, na kila kituo kiwe na muda wake wa kufunguliwa na kufungwa. Dantzig huyo huyo pamoja na John Ramser waliandika juu ya kupanga malori ya petroli mwaka 1959, na tangu hapo watu wameongeza masharti ya muda na mengine mengi.

Na usitarajie Solver ya Excel ikumalizie njia kwa uhakika. Vituo 10 na kiwanda, mizunguko tofauti iliyopo ni 1,814,400 hata ukihesabu kwenda na kurudi nyuma kuwa mzunguko mmoja. Ukitaka kwa kompyuta, OR-Tools, programu ya Google, ni ya bure na inashughulikia magari, muda na mzigo. Lakini kwa vituo 10 vilivyopangana kando ya barabara moja, mpango wa mzee ndio huo huo kompyuta itakaokuletea. Anza nao kesho.

---

Ngoma Nzito:

Nimekaa kimya nasoma. Sasa nauliza swali moja, naomba nijibiwe bila kebehi. Hizo lita 6,000 ni za sasa, mvua zimenyesha, majani yapo. Januari na Februari je? Nina ng'ombe wanne hapa Maweni, najua wanavyokauka. Mtamwambia bosi asinunue gari, ikifika kiangazi kiwanda kinalia njaa, atamkumbuka nani?

---

Mpanga Zamu:

Mzee, shikamoo, swali lako ni zuri kuliko yote humu. Kiangazi kilichopita tulishuka mpaka lita 3,800. Nimeipiga hiyo usiku huu.

Kwa lita 3,800: jibini 400, fresh 2,000, mtindi 1,400. Mashine inatumika saa saba na nusu tu, nyingine imelala. Bei kivuli ya saa ya mashine inakuwa sifuri. Na bei kivuli ya lita ya maziwa inaruka kutoka 20 hadi 400, kwa sababu kila lita itakayopatikana inakuwa mtindi.

Kwa hiyo kiangazi bosi ana haki. Masika hana.

---

Ngoma Nzito:

Aa. Basi msinunue, mkodi. Januari hadi Machi mvua zinapoanza. Magari ya machungwa ya Muheza msimu wao mkubwa unakuwa umepita, yapo yamekaa. Lakini hayana tanki la baridi, mtatumia keni na muwahi. Na gari halitengenezi maziwa. Kama ng'ombe wamekauka, gari la tatu litakwenda kukusanya nini? Hela nyingine muiweke kwenye marobota ya majani makavu muwakopeshe wafugaji.

(Bado sijaikubali kompyuta.)

---

Mwalimu wa Jioni:

Hilo la majani ya kukopesha linaweza kuingia kwenye hesabu pia, mzee, lakini si leo, kijana ana kikao.

Mpanga Zamu, neno langu la mwisho kabla hujaingia. Bei kivuli ina mwisho wake. Hiyo 152,000 inashika mpaka mtindi ufike 3,000 ulizoambiwa na mtu wa mauzo. Ukianzia mtindi 2,000, hizo ni saa mbili na nusu za kwanza. Baada ya hapo saa ya ziada inakwenda kwenye fresh na thamani yake inashuka hadi 115,000. Bosi akikwambia "basi tufanye kazi usiku kucha", usikubali kuzidisha 152,000 kwa saa kumi. Na hiyo 3,000 ni maneno ya mdomo. Nisingeiamini.

---

Mpanga Zamu:

MREJESHO. Wakuu, nimetoka kikaoni Jumatatu, ila nilitaka nione siku mbili tatu kwanza ndipo niandike.

Nilimfuata bosi ofisini kwake asubuhi, peke yetu, hapakuwa na mhasibu. Sikubeba kompyuta. Nilichukua karatasi moja nikaandika: saa moja ya mashine 152,000, lita moja ya maziwa 20. Akauliza hiyo ishirini imetoka wapi. Nikamwambia, mabaki. Akanyamaza. Akamwita mtu wa mauzo, akamuuliza tunawauzia wachuuzi lita ngapi kwa siku. Jamaa akasema "kama mia tano hivi". Nikatoa daftari la getini. Elfu moja na mia tano. Sikutaka kumchongea mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwonyesha mpango: fresh 2,000 (Bi Mkubwa, nilikutaja bila jina), mtindi 2,800, jibini 400, zamu iongezwe saa mbili za ovataimu. Faida Sh 1,856,000. Opareta, wasaidizi wawili na jenereta ikibidi, nilikadiria Sh 40,000 kwa saa, kwa hiyo toa 80,000. Inabaki 1,776,000. Ukilinganisha na 1,425,000 ya sasa ni ongezeko la Sh 351,000 kwa siku. Akazipiga mwenyewe kwenye simu yake mara mbili. Akasema gari lisubiri, tujaribu wiki mbili. La kukodi kiangazi nalo amelipenda, alisema "hilo limesemwa na mtu mzima". Mzee Ngoma Nzito, ni wewe huyo.

Njia ya Muheza tumeigeuza Jumanne. Kituo cha mwisho tulikuta kufuli, kama mzee alivyoonya. Jumatano karani alikuwepo, gari likaingia saa nne na robo, hakuna keni iliyorudi. Alhamisi imerudi moja. Sukari nimeshanunua.

Tatizo lipo kwenye mtindi. Tumepeleka 2,800 sokoni siku mbili, na siku zote mbili zimerudi kama lita 200 zimebaki kwenye mafriji ya watu. Mwalimu, ile 3,000 ulikuwa na haki kutoiamini. Mtu wa mauzo anasema watu hawajazoea, tusubiri. Mimi mtindi unaorudi siwezi kuusubiri.

Kwa hiyo kesho naanza na ukomo wa 2,600. Mashine kwa saa 11 itakuwa fresh saa nne, mtindi saa sita na nusu, inabaki nusu saa. Solver imeipeleka kwenye fresh, lita 250. Bi Mkubwa, hizo zitakuja na gari la saa kumi na mbili asubuhi, nimeandika barabara ya kumi na mbili iwe kituo cha kwanza.

---

Bi Mkubwa Ngamiani:

Nitakuwa nimefungua. Na yule dreva wenu mwambie asipige honi, kuna mgonjwa jirani.

---

Kijana wa Mikanjuni:

Na jibini langu kilo mbili?